Kupima mtoto akiwa bado tumboni: ujue au usubiri?

Kuna dada tunaishi naye mtaa mmoja hapa Sakina, Arusha, mimba ya wiki 13, ultrasaundi ikaonyesha maji ya shingoni kwa mtoto yamezidi, akaambiwa huenda mtoto ana Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, akarudishwa nyumbani na karatasi, basi. Toka siku hiyo nyumba haina amani. Mama mkwe anasema achaneni na vipimo mtoto ni wa Mungu, mume anataka wapime tena wajue moja, na mimi nimewasikiliza wote.

Mama mkwe tusimdharau jamani. Maji ya shingoni ni dalili tu, wapo watoto kibao walioonekana hivyo wakazaliwa wazima. Kipimo cha damu ya mama kinachofanyika kuanzia wiki ya 10 nacho kinakupa uwezekano, ukitaka uhakika kawaida unachomwa sindano ya tumbo wavute maji aliyomo mtoto, hiyo ni kuanzia wiki ya 15, na mara chache inaharibu mimba. Haya umeshajua, unafanyaje? Denmark tangu 2004 kila mjamzito anapewa nafasi ya kupima na wengi wakithibitishiwa wanaitoa. Kwetu sheria hairuhusu isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo unabaki na hofu miezi sita, na hofu ndo inawapeleka wadada kwa watu wa uchochoroni wakafia huko. Hilo linanitisha kuliko yote.

Ila mimi niko na mume. Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo, na ukijua mapema unapanga kwenda kujifungulia KCMC, hospitali kubwa ya rufaa pale Moshi, badala ya zahanati ya karibu, mtoto anaangaliwa moyo mapema, na kama ni wa kupasuliwa safari ya Dar kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete unaanza kuitafutia hela na bima sasa hivi sio mtoto ameshabadilika rangi. Halafu kuna trisomia 13 na 18, yaani kromosomu (vile vifurushi vya urithi ndani ya seli) ya 13 au ya 18 imezidi moja, hizo ni nzito, watoto wengi hawafikishi mwaka, na mzazi wa namna hiyo mnyime vyote lakini siku za kujiandaa kumuaga mwanae mpe.

Kinachoniuma ni ile karatasi bila mtu wa kukaa na wewe akueleze. Matokeo yake ukoo wa mume ushaanza kusema ni damu ya kwao dada, wakati Down nyingi hazirithiwi kabisa, ni kromosomu ya 21 imezidi moja kwa bahati mbaya wakati yai linatengenezwa, hakuna aliyekosea. Kama hamna wa kuwaelezea hivyo bora hata wasingepima, nasema kweli.

Jumatatu wanaenda hospitali wote, mume na mke, nimemwambia dada aandike maswali kwenye daftari na la kwanza liwe la moyo. Mama mkwe jana usiku kauliza na yeye anaruhusiwa kuingia?