Chini ya jeraha, seli za neva bado ziko hai

Dereva wa bodaboda akianguka Barabara ya Morogoro na kufikishwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, miguu ikiwa haisikii, ndugu huambizana: "Uti umekatika, basi tena." Kuna ukweli ndani yake. Ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa neva ndani ya uti, mara nyingi haukatiki kama kamba, unapondwa, lakini nyuzi zinazoshusha amri za ubongo zikikatika haziunganiki. Neva ya mkono huota karibu milimita 1 kwa siku; hizi hazioti kwa urefu wa kusaidia.

Kinachosahaulika ni seli za neva za ugwe mgongo kiunoni, chini ya jeraha. Hizo hazijafa, zimekosa amri tu. Mwaka 2022 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza watu 9 waliopooza ambao uwezo wao wa kutembea uliimarika kwa mazoezi na umeme uliopitishwa kwenye ugwe mgongo. Kwa panya walipata kundi la seli la ajabu: ukilizima kwa panya mzima, anatembea kama kawaida, ukilizima kwa aliyeumia, hapati nafuu. Yaani kazi yake inaanza baada ya ajali.

Hapo wengi hukimbilia kuulizia nje ya nchi bei ya kifaa cha kupitisha umeme huo. Naona ni mapema mno. Kifaa hakioteshi nyuzi, na seli hizohizo zinaweza kujifunza vibaya. Zikikosa amri huitikia kila ishara: kibofu kilichojaa au kidonda cha kulalia huzichochea, misuli inakaza, miguu inaruka yenyewe. Mwenye kidonda matakoni mara nyingi hubaki kitandani, na asiposimama seli hazipati taarifa ya uzito unaokanyaga nyayo, ambayo ndiyo somo lake.

Kwa hiyo muulizeni daktari kama mgonjwa anahisi akiguswa kwa pamba na kwa ncha ya pini kuzunguka njia ya haja kubwa. Akihisi, kuna nyuzi ambazo hazikukatika. Kipimo kirudiwe, maana mshtuko wa ugwe mgongo hunyamazisha kila kitu siku za mwanzo.

Nyumbani, ageuzwe kila saa 2. Anayetumia mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa, atolewe mkojo kila saa 4 hadi 6. Kila asubuhi kagueni matako, visigino na mfupa wa chini ya kiuno. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo pitisheni mgongo wa kiganja: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni, pasilaliwe tena mpaka patulie.