Kiroba cha vifuu pale Tandale

Jioni sokoni Tandale, mama muuza nazi anavunja nazi bila hata kuangalia mikono yake. Maji anayakinga kwenye bakuli, kipande kinakwenda kwenye mashine ya kukuna, kifuu kinarushwa kwenye kiroba. Usiku vifuu vinaishia jikoni kwa muuza chipsi au jalalani. Mimi nimesomea kemia, na kile kiroba kinaniuma.

Kifuu ni kigumu na kina majivu machache. Ukikichoma bila hewa, kisha ukakipitishia mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi, mvuke unaitafuna kaboni kwa ndani na kuacha vinyweleo, vingi vikiwa vyembamba kuliko nanomita 2. Hiyo ndiyo kaboni amilifu: uchafu ulio majini hunata kwenye kuta za vinyweleo vyake. Ukizikunjua kuta hizo, gramu 1 hufikisha eneo la mita za mraba 1000. Gramu 7 hivi, konzi ndogo tu, zinakaribia uwanja mzima wa mpira! Sri Lanka, India na Ufilipino zimejenga viwanda juu ya kifuu hikihiki, na migodi ya dhahabu inakitumia kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanidi.

Sisi wanakemia wa hapa tunatafiti, ndiyo. Tunachukua maganda au pumba, tunaamilisha, yaani tunafungua vinyweleo, kwa asidi ya fosforiki, tunatia kwenye maji yenye rangi ya buluu ya methilini, tunaandika asilimia iliyonaswa, tunahitimu. Nami nilipita hapohapo. Nakumbuka chupa yangu: asubuhi buluu nzito kama wino, mchana maji maangavu. Nilifurahi sana. Lakini mle chupani kulikuwa na uchafu wa aina moja tu. Maji ya Mto Msimbazi yana sabuni, mafuta, rangi na mabaki ya kila kitu kinachooza, vyote vikigombea vinyweleo vilevile, na molekuli kubwa huziba milango kabla ndogo hazijaingia.

Halafu kaboni ikishajaa, unaipeleka wapi? Swali hili tunalikwepa mno. Kwangu mimi ndipo uchochezi wa kikemia, yaani kuharakisha mmenyuko kwa kitu ambacho chenyewe hakiishi, unapopata maana: ukipachika chembe za chuma ndani ya vinyweleo na kuongeza peroksidi ya hidrojeni, uchafu haushikiliwi tu, unavunjwavunjwa. Ila hapo napo lazima upime kama chuma kinabaki mahali pake au kinavujia kwenye maji. Kipimo hicho kinachosha, na wengi hukiruka.

Ukimya wetu una gharama. Niliwahi kununua chujio la kaboni kwa ajili ya maji ya kisima nyumbani Mbagala, muuzaji akaapa kwamba linatoa chumvi. Nikaonja, chumvi ileile. Kaboni hunasa klorini, harufu na viuatilifu vingi. Chumvi ya kawaida inapita kama haijaona kitu. Jirani zangu wangelijuaje hilo, ikiwa tuliosoma tunamwandikia mtahini peke yake?

Ninachotaka kuona ni pipa moja la kaboni ya vifuu, maji halisi ya Dar yakipita humo miezi mitatu mfululizo, na matokeo yakibandikwa sokoni kwa Kiswahili.

Juzi nikamuuliza yule mama kiroba anauza shilingi ngapi.

"Chukua tu, mwanangu. Utakuwa umenipunguzia mzigo."

Vifuu nimevipanga barazani. Jumamosi nawasha tanuri.