Furu Ana Mataya Mawili, Gego Langu Halina Pa Kukaa

Nina miaka 31, na gego la mwisho limeamua kuota sasa. Limelala ubavu linamsukuma jirani yake kama konda wa daladala za Buhongwa: "Sogea nyuma, nafasi ipo!" Nafasi iko wapi? Siku ya tatu hii nanywa uji kwa shavu la kulia tu.

Mpwa wangu, yuko kidato cha sita, kanimulika kinywani na tochi ya simu, akafurahi. "Mjomba, wewe ni ushahidi!" Ushahidi wa nini, nimeiba? Ati mababu wa kale walikuwa na mataya marefu. Taya likafupika, magego hayakupewa taarifa. Na mgongo unaoniua nikishusha magunia ya dagaa soko la Mwaloni, Mwanza, tuliurithi kutoka kwa wanyama wa miguu minne, sisi tukausimamisha wima kama nguzo ya umeme. Kumbe miaka yote natembelea mgongo wa mtumba! Kifandugu nacho ni mabaki ya mkia. Mkia wenyewe nimenyimwa, ningefukuzia mbu.

Nikasema basi, viumbe wote tumeshonewa viraka. Akachukua furu, samaki wetu mdogo wa Ziwa Victoria, kwenye sinia la mama watoto, akampasua kichwa. Jamani! Kooni kuna taya la pili, lina meno yake. La mbele linakamata, la nyuma linasaga. Anasema ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, lakini lilipojaa tena furu wakagawanyika aina zaidi ya 500: huyu wa kuvunja konokono, huyu wa kukwangua mwani kwenye mawe, na kuna mshenzi mmoja anamnyonya mama mwenzake watoto anaowalea mdomoni. Samaki wa kiganja, mataya mawili! Mimi mwenye mkopo wa bodaboda nina moja, nalo halitoshi meno.

"Sasa yalimsaidia nini sangara, yule mla furu, alipoletwa ziwani miaka ya 1950?" nikamuuliza. Akanyamaza. Anajua kufika mwisho wa miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wameshamalizwa. Nikacheka, gego likanikumbusha.

Jioni furu yule yule akaletwa, kakaangwa. Nikatafuna kwa kulia, taratibu. Mwiba ukanikwama. Mpwa ananipiga mgongo huku anaeleza: "Unaona mjomba, njia ya hewa na ya chakula zinapishana hapo kooni kwa sababu mapafu yalichomoza kwenye koo la samaki wa kale..."

Nilikuwa siwezi kuongea. Nikamwonyesha mlango kwa kidole.