Je, risasi yenye nguvu inastahili pointi zaidi?

Walengaji wawili wa bastola wamepiga shabaha zinazofanana, umbali uleule, na kila mmoja risasi yake imeangukia eneo C, nje kidogo ya katikati. Mmoja anaandikiwa pointi 4, mwenzake 3. Hakuna aliyelenga vizuri kuliko mwingine. Tofauti imo ndani ya ganda: wa kwanza amejaza baruti kwenye risasi zake hadi zikafika daraja la nguvu kubwa, wa pili amebaki nguvu ndogo. Ndiyo kanuni ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo lililoasisiwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza akiwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ya Kilatini ina maneno matatu, na yote matatu ndiyo mchezo wenyewe: usahihi, nguvu, kasi.

Nguvu hupimwa kwa hesabu nyepesi. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greini (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kichwa cha greini 180 kinachokwenda futi 950 kinatoa 171. Cha greini 124 kikienda futi 1,050 kinatoa 130. Chini ya 125 huna matokeo kabisa. Daraja la nguvu kubwa linaanzia 170 kwenye kundi la bastola liitwalo Standard, na 160 kwenye lile liitwalo Open. Eneo A, la katikati, hulipa 5 kwa wote. C ni 4 kwa nguvu kubwa na 3 kwa ndogo; D, la nje zaidi, ni 2 kwa kubwa na 1 kwa ndogo.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito, nami sitaki kuipuuza. Bastola yenye risasi kali huruka mkononi, na mlenga shabaha anapaswa kuirudisha kwenye lengo kabla ya risasi ya pili. Hiyo ni kazi, na kazi hulipwa. Ukiiondoa tofauti, kila mtu atajaza baruti kidogo iwezekanavyo, bastola zote zitakuwa laini kama za kuchezea watoto, na lile neno la pili la kaulimbiu litabaki pambo.

Lakini hebu tuihesabu faida yenyewe. IPSC hugawanya pointi kwa muda uliotumika. Tuseme zoezi lina risasi 24 za kupiga shabaha za karatasi, na mtu amepata A 18, C 5 na D 1 kwa sekunde 20. Kwa nguvu kubwa ana pointi 112, yaani 5.6 kwa sekunde. Kwa nguvu ndogo mapigo hayohayo yanampa 106, na ili afike 5.6 lazima amalize kwa sekunde 18.9. Amewiwa sekunde moja nzima. Sasa mpe mwingine anayetulia: A 22, C 2. Deni lake linashuka hadi theluthi moja ya sekunde. Maana yake ni kwamba ziada hii haimfaidi sana mlenga shabaha bora. Inamfaidi zaidi anayekosa katikati, mradi akose kwa risasi kali. Mimi naliona hili kuwa tatizo la kweli, kwa sababu linamfundisha chipukizi kununua nguvu kabla hajajifunza kubana kifyatulio vizuri.

Kuna mahali kanuni imepatia kabisa. Kundi la Classic, la bastola za mtindo wa 1911, linaruhusu risasi 8 kwenye magazini kwa nguvu kubwa na 10 kwa nguvu ndogo. Hapo mtu anachagua kweli: pointi zaidi kwenye C na D, au risasi mbili za ziada zinazoweza kumwokoa asibadilishe magazini akiwa amesimama, jambo linalokula zaidi ya sekunde kwa wengi wetu. Zoezi moja linampendelea huyu, linalofuata linampendelea yule.

Open ni habari nyingine. Bastola za huko zina kompensata, kifaa kwenye mdomo wa mtutu kinachoelekeza gesi juu ili mdomo usiinuke. Gesi hutokana na baruti. Kwa hiyo wajuzi huchagua kichwa chepesi na baruti nyingi inayoungua polepole, na kadiri gesi inavyoongezeka ndivyo kompensata inavyofanya kazi yake vizuri. Risasi kali inasaidia bastola itulie! Ile hoja kwamba nguvu hulipwa kwa sababu ni ngumu kuidhibiti inapoteza nusu ya uzito wake hapo.

Halafu kuna mfuko. Kwa aliye mahali ambapo sheria au soko halimruhusu kujijazia risasi mwenyewe, hutegemea kinachouzwa dukani, na risasi ya kawaida ya milimita 9 ya dukani ni ya nguvu ndogo. Huyu hajachagua chochote. Ndiyo maana naona busara katika kundi la Production, ambako wote huhesabiwa nguvu ndogo, na katika IDPA, mchezo mwingine wa ulengaji wa bastola ulioanza 1996 na unaochezwa pia Kenya kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu. IDPA ina kiwango cha chini cha nguvu kwa kila kundi, 125 kwa bastola nyingi za milimita 9, lakini ukishakivuka hakuna pointi ya ziada.

Wapo wanaowaza njia ya katikati: kubeba ujazo aina mbili, laini kwa karatasi za karibu na kali kwa shabaha za vyuma zinazopaswa kuanguka. Siwashauri. Kichwa kizito cha polepole kwa kawaida hupiga juu kuliko chepesi cha kasi, hivyo kilengeo ulichokirekebisha kwa kimoja kinakudanganya kwa kingine. Tena daraja ulilojiandikishia linakufunga mechi nzima. Waamuzi huchukua sampuli ya risasi 8, huing'oa moja kichwa na kukipima uzito, kisha hufyatua tatu juu ya kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, na wanaweza kurudi kuchukua nyingine wakati wowote. Ukishindwa kufika nguvu kubwa, mechi yote inahesabiwa upya kwa nguvu ndogo. Hata baridi ya asubuhi hupunguza kasi ya baruti nyingi, ndiyo sababu mwenye uzoefu huacha nafasi ya tatu au nne juu ya kiwango cha nguvu.

Ningepewa kalamu, Classic nisingeigusa. Standard ningeiacha pia, kwa sababu huko risasi ya kipenyo cha inchi .40 ni nene, huingia chache kwenye magazini, na hakuna kompensata ya kuituliza. Open ndiyo ningeifutia ziada, wote wahesabiwe sawa, kisha tuone wangapi wataendelea kujaza hadi 160 kwa hiari yao.