Bunge la Kanada Lidai Hesabu ya Fedha Ambazo Hazikufika

Kipindi cha maswali katika Bunge la Kanada huchukua dakika 45, na ndani yake mbunge hupewa sekunde 35 za kuuliza na waziri sekunde 35 za kujibu. Utaratibu huo unafaa kwa kurushiana maneno, lakini haufai hata kidogo kwa jambo lenye mizizi mirefu kama hali ya watu wa asili wa nchi hii mbele ya polisi, mahakama na magereza. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa mabishano ya Ottawa yamekuwa yakifuata mkondo uleule: chama cha upinzani cha Conservative kinasimama leo kuishutumu serikali kwa kuwadekeza wahalifu, kesho kinaishutumu kwa ubadhirifu, na mawaziri wa chama tawala cha Liberal wanajibu shutuma zote mbili kwa kutaja mabilioni ya dola za Kanada yaliyotengwa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania fedha zilizotangazwa, na ni nadra kumsikia mbunge akidai hesabu ya fedha zilizofika.

Tuanze na polisi, kwa sababu hapo ndipo mambo haya yote yanapokutana. Katiba ya mwaka 1867 iliipa serikali kuu mamlaka juu ya watu wa asili na ardhi walizotengewa, na papo hapo ikayaachia majimbo usimamizi wa haki, hivyo suala la nani agharimie polisi katika jamii za Mataifa ya Kwanza (First Nations, kundi kubwa zaidi la watu wa asili) likabaki bila mwenyewe. Programu ya polisi wa Mataifa ya Kwanza na Wainuit (watu wa asili wa kaskazini ya mbali), iliyoanzishwa mwaka 1991, ilikusudiwa kuziba pengo hilo kwa kugawana gharama: serikali kuu asilimia 52, jimbo asilimia 48. Zaidi ya miaka 30 baadaye imebaki kuwa programu tu, bila sheria inayoitambua kuwa huduma ya lazima. Polisi wa Toronto hawangoji mkataba mpya wa ufadhili ili wajue kama watakuwapo mwaka ujao; polisi wa jamii za asili wanangoja, na jimbo likikawia na fungu lake, fungu la serikali kuu nalo hukwama.

Machi 2024, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Karen Hogan, aliwasilisha Bungeni ripoti yake kuhusu programu hiyo. Alikuta kwamba dola milioni 13 za mwaka wa fedha 2022–23 hazikutumika, na kwamba Wizara ya Usalama wa Umma yenyewe ilitarajia zaidi ya dola milioni 45 zibaki bila kutolewa katika mwaka uliofuata. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao wamezoea kusikia kwamba fedha zilizopitishwa na Bunge hazikutoka Hazina, hawatashangaa. Wanaoshangaa ni Wakanada, ambao hupenda kuamini kwamba mambo kama hayo hutokea kwa wengine. Na fedha zenyewe hazikuwa za kuokoteza. Bajeti ya mwaka 2021 ilitenga dola milioni 540.3 kwa miaka mitano ili kuimarisha programu na kuifikisha kwa jamii mpya, pamoja na dola milioni 43.7 za kuandaa, kwa kushirikiana na Mataifa ya Kwanza, sheria ya kuifanya huduma hiyo kuwa ya lazima. Bunge lilipovunjwa Machi 2025, muswada wa sheria hiyo ulikuwa bado haujawasilishwa.

Wakati huohuo, wabunge hao walionyesha kwamba wakitaka kwenda mbio wanaweza. Septemba 2022, katika jamii ya James Smith Cree Nation na kijiji jirani cha Weldon, jimboni Saskatchewan, watu 11 waliuawa kwa kuchomwa kisu. Muuaji alikuwa ametoka gerezani chini ya utaratibu unaomruhusu mfungwa kumalizia theluthi ya mwisho ya kifungo chake nje, akavunja masharti, na alikuwa akitafutwa kwa miezi kadhaa. Jamii hiyo haikuwa na polisi wake. Ilitegemea askari wa RCMP, polisi wa serikali kuu, wenye kituo katika mji wa Melfort, umbali wa makumi ya kilomita. Msiba huo, pamoja na mauaji mengine yaliyotikisa nchi, uliwasha moto wa mjadala kuhusu dhamana na parole (kuachiwa kwa masharti kabla ya kifungo kwisha), na mwaka mmoja baadaye muswada C-48, uliobana masharti ya dhamana kwa watuhumiwa wa ukatili wa kurudiarudia, ulipitishwa na wabunge wote kwa kauli moja, hatua zote ndani ya siku moja. Sina ugomvi na muswada huo. Anayedai ukali dhidi ya watu wanaorudia ukatili hawasemei Wazungu wa mijini peke yao, kwa kuwa waliozikwa James Smith walikuwa wenyeji wa asili wenyewe, na jamaa zao wana haki ya kuuliza kwa nini mtu yule alikuwa huru. Ninachohoji ni kwa nini sheria isiyohitaji fedha nyingi ilipita kwa siku moja, ilhali ile ambayo ingeipa jamii kama hiyo polisi wa kudumu haikupata hata kusomwa kwa mara ya kwanza.

Kwenye magereza hali ni ileile, ila takwimu zake zinatisha zaidi. Kwa sensa ya mwaka 2021, watu wa asili ni asilimia 5 ya Wakanada. Januari 2020, Ivan Zinger, wakati huo mkuu wa ofisi inayochunguza malalamiko ya wafungwa wa magereza ya serikali kuu, alitangaza kwamba watu wa asili wamevuka asilimia 30 ya wafungwa hao, na mwishoni mwa mwaka 2021 akatangaza kwamba wanawake wa asili wanakaribia nusu ya wanawake wote waliofungwa. Haya yametokea chini ya sheria ambayo tangu mwaka 1996 inamtaka hakimu atafakari kila adhabu mbadala kabla ya kumfunga mtu, akizingatia kwa namna ya pekee hali ya watu wa asili, sheria ambayo Mahakama ya Juu iliitilia mkazo katika kesi ya Gladue mwaka 1999 na tena katika kesi ya Ipeelee mwaka 2012. Novemba 2022 muswada C-5 ukawa sheria, ukaondoa baadhi ya viwango vya chini vya adhabu vilivyokuwa vikiwafunga mahakimu mikono na kupanua nafasi ya mtu kutumikia adhabu yake nyumbani. Serikali iliuita muswada huo dawa ya wingi wa watu wa asili gerezani. Upinzani ukauita zawadi kwa wahalifu. Wote wawili waliupa uzito usiokuwa wake, kwani hakimu akishapewa ruhusa ya kumpeleka mshtakiwa mahali pengine badala ya gerezani, bado ni lazima mahali hapo pawepo.

Kwa kiasi kikubwa, hapapo. Kifungu cha 81 cha sheria ya magereza ya mwaka 1992 kinaruhusu jamii za asili kuwapokea na kuwatunza wafungwa wao katika nyumba za uponyaji zinazoendeshwa na jamii zenyewe. Ripoti maalumu ya mchunguzi wa magereza iliyofika Bungeni mwaka 2013 ilionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa zikipata senti 62 kwa kila dola iliyopewa nyumba za aina hiyo zinazoendeshwa na Idara ya Magereza. Linganisha na gharama ya gereza lenyewe: Ofisa wa Bajeti wa Bunge alikadiria mwaka 2018 kwamba mfungwa mmoja wa serikali kuu anagharimu wastani wa dola 314 kwa siku, yaani karibu dola 115,000 kwa mwaka, wakati kumsimamia mtu nje ya gereza kunagharimu takriban dola 18,000. Mbunge anayejinadi kuwa mlinzi wa fedha za walipa kodi alipaswa kuwa na takwimu hizi mdomoni kila siku.

Hapa lazima niwape wapinzani haki yao. Ofisa huyohuyo wa Bajeti alisema mwaka 2022 kwamba ongezeko kubwa la fedha katika wizara zinazohudumia watu wa asili halikuzaa ongezeko linalolingana la uwezo wa wizara hizo kufikia malengo zilizojiwekea. Hilo ni shitaka zito, na jibu la mawaziri la kurudia ukubwa wa bajeti si utetezi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba fedha zipunguzwe ni kuruka hatua. Mwaka 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liliamua kwamba serikali kuu iliwabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza kwa kuzinyima fedha za kutosha huduma za ustawi wao; shauri lilikuwa limefunguliwa tangu mwaka 2007, na serikali zilizofuatana, za vyama vyote viwili, zililipinga. Oktoba 2023 mahakama iliidhinisha fidia ya zaidi ya dola bilioni 23. Bili hiyo leo inahesabiwa ndani ya matumizi makubwa yanayolalamikiwa, ingawa ilitokana na kubana matumizi.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukapata uraia huku hatuna ruhusa ya kuyatazama haya kwa mbali. Tangu Juni 2021, kiapo cha uraia kinamtaka mhamiaji atambue haki za kimkataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis (watu wa asili wenye nasaba mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu). Wagombea wanapokuja kwenye misikiti na makanisa yetu kuomba kura, huulizwa kuhusu viza za wazazi na vyeti vya kazi, na ni haki yetu kuuliza hayo, ila wanaondoka bila kuulizwa chochote kuhusu kiapo tulichokula.

Novemba 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo la Québec lilivunja wajibu wake wa nia njema kwa kukataa kujadiliana kikweli kuhusu nakisi ya kikosi cha polisi cha jamii ya asili ya Pekuakamiulnuatsh, na jimbo likatakiwa kulipa karibu dola 768,000. Uamuzi huo umefungua mlango kwa jamii nyingine kwenda mahakamani, jambo litakaloongeza gharama za mawakili kabla ya kuongeza askari hata mmoja. Bunge lina njia ya mkato. Kila mwaka kiongozi wa upinzani ana haki ya kuchagua wizara mbili ambazo makadirio yake hujadiliwa na Bunge zima likikaa kama kamati, kwa muda wa hadi saa nne kwa kila wizara, huku waziri akihojiwa bila kinga ya zile sekunde 35. Chama kinachosema kinajali usalama na kinachukia ubadhirifu kichague Wizara ya Usalama wa Umma, kimweke waziri kitini, na kimtake ataje jamii moja baada ya nyingine: ni ipi iliyoomba polisi, iliomba lini, ilitengewa kiasi gani, na kiasi gani hakikutoka kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 31 Machi.