EZH2: kukizuia kimeng'enya ambacho mwili bado unakihitaji

Kimeng'enya EZH2 huchukua methili, kikundi kidogo cha kemikali, kutoka kwenye molekuli iitwayo SAM na kuibandika kwenye laisini (asidi-amino) ya 27 ya histoni H3, mojawapo ya protini ambazo DNA imezizunguka. Nafasi hiyo hubeba methili moja, mbili au tatu. Zikitimia tatu, kromatini, yaani DNA pamoja na protini hizo, hukaza na jeni za hapo hunyamaza. Seli B zilizo ndani ya mitoki huutumia ukimya huo kwa muda tu, zigawanyike kwa kasi kabla ya kukomaa.

Katika baadhi ya limfoma za folikuli, saratani za seli B hizo, asidi-amino moja ya EZH2, tairosini ya 641, imebadilika. Kimeng'enya cha kawaida ni hodari wa kubandika methili ya kwanza, lakini huzembea kutoka ya pili kwenda ya tatu. Kilichobadilika ni kinyume chake. Seli ya saratani kwa kawaida huwa navyo vyote viwili: kimoja huanza kazi, kingine huimaliza, na seli haikomai tena.

Tazemetostat, dawa iliyojaribiwa kwa kumezwa miligramu 800 mara mbili kwa siku, huziba nafasi ya SAM ndani ya EZH2. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa limfoma hii Juni 2020. Katika jaribio lililotangulia, uvimbe ulinywea kwa asilimia 69 ya wenye badiliko, na 35 ya wasio nalo. Anayeishia hapo atasema kipimo cha jeni kimemaliza ubishi wa nani apewe dawa. Lakini muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa miezi 13.8 dhidi ya 11.1, na kundi la pili lilikuwa limeshapitia matibabu mengi zaidi. Kwangu mimi, kipimo hicho kinafaa kupanga nani aanze. Hakitoshi kumnyima dawa mgonjwa aliyeishiwa njia nyingine.

Wanaosita kuitumia dawa hii nao wana hoja nzito. Katika baadhi ya saratani za seli T na magonjwa ya uboho, EZH2 ndiyo iliyopotea: huko ilikuwa kizuizi cha saratani. Maelezo ya dawa yenyewe yanaonya juu ya saratani mpya za damu. Zilijitokeza kwa wachache katika majaribio. Ndiyo maana mgonjwa huendelea kufuatiliwa hata uvimbe ukishanywea, na chembe za damu zikishuka bila sababu inayoeleweka, uboho unapaswa kuchunguzwa.