IST: gari gumu, au gari rahisi kutengeneza?

Anayetafuta gari la kwanza Dar es Salaam akiwa na fedha kidogo huambiwa, hata kabla hajamaliza kueleza shida yake, anunue Toyota IST, kwa kuwa ni gari gumu na halisumbui. Mimi ninayo IST ya mwaka 2004 niliyoinunua mkononi miaka sita iliyopita, na sijajuta. Hata hivyo, naona neno hilo "gumu" limebeba mambo mawili ambayo mnunuzi akiyachanganya ataumia: kuna gari lisiloharibika, na kuna gari ambalo likiharibika hurudi barabarani siku hiyo hiyo kwa fedha ambayo mshahara wa kawaida unaimudu. IST yenye umri wa miaka 20 imo zaidi katika kundi la pili.

Wanaoitetea wana hoja za kweli. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ina injini ya 2NZ-FE ya cc 1298 au 1NZ-FE ya cc 1496, ambazo zilifungwa pia kwenye Vitz na Probox. Injini hizo hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, hivyo mwenye gari hana mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda, na giaboksi yake ya otomatiki ina gia nne tu, muundo wa zamani ambao mafundi wengi wamekwisha kuufungua na kuufunga mara nyingi. Zaidi ya yote kuna spea. Koili, bushi, shokapu au taa ya nyuma utaipata Gerezani, eneo la maduka ya spea Dar es Salaam, ikiwa mpya, ikiwa imetolewa kwenye gari jingine, au ikiwa feki, na fundi wa Makambako au wa Kahama ameshaifunga kwenye magari ya wateja wengine. Gari la Ulaya lililoundwa kwa ustadi kuliko IST linaweza kulala gereji wiki tatu likisubiri sensa moja kutoka nje ya nchi; kwa mwalimu anayelitegemea kufika kazini, hilo ndilo gari lisiloaminika.

Lakini sehemu ya sifa hii ni ya kurithi. Corolla na Carina za miaka ya 1990, zilizoijengea Toyota jina katika barabara zetu, zilikuwa na injini zenye bloku ya chuma. Bloku ya 1NZ-FE ni ya alumini, na silinda hedi yake pia, na alumini haivumilii kuchemka. Aliyezoea kujaza maji ya bomba kwenye rejeta na kuendelea na safari hadi Morogoro atajikuta na hedi iliyopinda. Gari langu lilipofika mikononi mwangu lilikuwa limeshaondolewa themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, jambo ambalo mafundi wengi hulifanya wakidhani ni kinga ya kuchemsha. Injini ikawa haifikii joto lake, kompyuta ikawa inaongeza petroli, nami kwa karibu mwaka mzima nikailaumu IST kwamba inakula mafuta. Vivyo hivyo na oili: huwekwa nzito ya 20W-50 kwa imani kwamba injini iliyochoka inaihitaji, ilhali mfumo wa VVT-i, unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, hufanya kazi kwa oili nyepesi inayopita kwenye matundu membamba.

Tena, tunatoa hukumu kwa kuziangalia IST zinazotembea. Zilizokufa hatuzioni, kwa sababu zimekwisha kukatwa, na hedi zake na giaboksi zake ziko ndani ya hizi zilizobaki. Hoja hii naiona nzito kuliko zote, na inakata pande mbili: wingi wa zilizokufa unapunguza sifa ya uimara, lakini ndio unaoshusha bei ya spea kwa zilizo hai.

Kuhusu umri, kuna desturi ya kulipima gari kwa herufi ya namba yake ya usajili, kwamba namba E ni jipya kuliko namba C. Herufi hiyo huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Kenya huzuia kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hapa kwetu gari kuukuu huruhusiwa kwa kutozwa ushuru wa ziada, hivyo IST ya 2003 inaweza kuvaa namba ya juzi huku mipira, mabomba na sili zake zikiwa na miaka zaidi ya 20. Asili ya Japani nayo haithibitishi wema wala ubaya. Wajapani wengi huuza gari kwa sababu ukaguzi wao wa lazima, shaken, hufanyika kila baada ya miaka miwili kwa gharama kubwa, na kodi ya gari la petroli hupanda linapopita miaka 13. Kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Kilomita zilizoandikwa kwenye cheti cha Japani cha kuliuza gari nje zinaaminika zaidi, na muuzaji asiyekuwa nacho aulizwe kwa nini.

Jina lenyewe pia linaficha magari mawili. IST ya pili, iliyoanza 2007 na ambayo mtaani huitwa "new model", kwa matoleo mengi ilitoka na giaboksi ya CVT, isiyo na gia zilizogawanywa na inayotaka oili yake maalumu. Akiwekewa oili ya otomatiki ya kawaida, mnunuzi atalipa giaboksi nzima, na ule urahisi wa matengenezo unaosifiwa hautamsaidia.

Ndiyo maana nashauri gari likaguliwe asubuhi, likiwa limelala, na fundi uliyekuja naye wewe. Shika boneti kwanza. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliwasha, na kasoro za injini baridi hutaziona. Nikiwekewa IST mbili, moja ya 2004 yenye kilomita 190,000 na daftari la matengenezo, nyingine ya 2006 inayoonyesha kilomita 70,000 bila karatasi hata moja, nitachukua ya kwanza. Ila ikichelewa kuingia rivasi kabla injini haijapata moto, dalili ya giaboksi iliyochoka, nitamrudishia mwenyewe ufunguo.